Mchezaji Asiyetaka Kutoka Shimoni

Mwisenge, Musoma
9 Februari 2025

Shangazi Tereza,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na yule ng'ombe mwenye kiburi ameshazaa? Sisi huku wazima. Baba amechaguliwa tena mwenyekiti wa jumuiya, sasa hata chai anataka tuinywe kwa utaratibu wa kikao. Mama amekufungia dagaa na sato wawili wa kukausha. Dereva wa gari la Butiama atakukabidhi pamoja na barua hii. Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza. Tangu simu yako itumbukie chooni na wewe ukamshukuru Mungu, hakuna njia nyingine ya kukupata. Najua makosa yangu utayapigia mstari mwekundu.

Sasa nije kwenye shida yangu. Una miaka thelathini na tano ya kukaa na watoto watukutu, nami nina watu wazima watatu tu na wananishinda.

Kila Jumapili baada ya misa tunakutana kwenye duka la fotokopi ninapofanya kazi, pale Iringo. Tunacheza mchezo wa mezani. Usifikirie karata wala drafti. Mimi ndiye msimulizi. Kila mwenzangu ana karatasi yenye mtu aliyembuni mwenyewe: jina, nguvu zake, udhaifu wake. Mimi naeleza mahali walipofika, wao wanasema watu wao wanafanya nini, na jambo likiwa la hatari tunarusha dadu. Hakuna mshindi. Tunatunga hadithi kwa pamoja, basi, na kwangu hizo saa tatu ndizo zinazonibeba wiki nzima. Sina marafiki wengine hapa mjini, shangazi, nakuambia ukweli.

Clever ni mbishi. Kila nikitamka jambo anafungua daftari la sheria. Marieta hatoi macho kwenye simu, zamu yake ikifika anauliza, "Tuko wapi?" Hao nawavumilia. Anayeniumiza kichwa ni mgeni, Gasper, anauza vipuri vya pikipiki Bunda na kila Jumapili anapanda gari kuja huku. Ni mpole, hagombani na mtu. Lakini kuna mahali kwenye ramani yangu ambapo mtu wake amefika na hataki kutoka. Jumapili ya tatu sasa. Wenzake wanataka kuendelea na safari, yeye anasema, "Mtu wangu anakaa hapa." Nikimlazimisha ananyamaza mpaka mchezo unapoa kama uji wa jana.

Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako,
Isaya


Butiama
20 Februari 2025

Isaya baba,

Marahaba. Dagaa nimepata, sato mmoja nimepata. Wa pili dereva anasema paka alimrukia garini. Sikujua kwamba siku hizi paka wanakata tiketi. Ng'ombe amezaa jike, kiburi kimeongezeka. Mgongo uko palepale. Mwambie mama yako asante, na baba yako nampa pole ya uenyekiti.

Makosa yako ni saba. Nimeyaacha kwa sababu una shida.

Nimefurahi kusikia bado unatunga. Ulikuwa mtoto wa kusimuliwa, wenzako walilala, wewe ukauliza, halafu? Kuhusu darasa lako: mbishi mpe kazi. Mwambie wewe ndiye mtunza sheria, ukiulizwa ndipo ujibu. Atajivuna, na atanyamaza akisubiri kuulizwa. Huyo wa simu weka beseni mlangoni, simu zote ziingie humo, na yako iwe ya kwanza.

Mpole ndiye kazi. Katika miaka yote ile, watundu hawakunisumbua kama wapole. Mtoto akikataa kutoka darasani kengele ikilia, ama nje kuna kitu anakiogopa, ama ndani kuna kitu hajakipata. Usimsukume. Muulize mbele ya wenzake, kwa upole: unatafuta nini hapa? Umsubiri mpaka ajibu, hata mkikaa kimya dakika kumi. Wengi wetu tunauliza halafu tunajijibu wenyewe.

Hukuniambia ni mahali gani hapo anapopang'ang'ania. Niambie, nicheke.

Shangazi yako,
Tereza


Mwisenge, Musoma
3 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Baba amekohoa wiki mbili, sasa nafuu. Mama anasema safari hii samaki atamfunga na kufuli.

Dawa zako zimefanya kazi. Clever amejiandikia cheo kwenye kadi na kuivaa shingoni. Marieta aliposalimisha simu alikaa kama mtu aliyekatwa mkono, kisha akacheza vizuri kuliko wote.

Na jana nikamuuliza Gasper. Hapa ndipo nakuomba ucheke, maana mahali penyewe ni kwako. Nilipochora ramani sikuwa na mawazo mengi, nikachora boma lako jinsi nilivyolikumbuka toka nilipokuwa nikija likizo: nyumba, ua wa minyaa, yale mawe mawili yaliyoegemeana, na nyuma yake kile kipande usichokilimaga. Hapo nikaweka Mzee wa Shimo! Unakumbuka ulivyokuwa ukitutisha tusiende kucheza huko? Kuna mzee chini, ana kikombe cha bati cha bluu, anagonga ukuta, anaomba maji, na mtoto atakayemsikia atavutwa. Nimeiweka vilevile. Ilikuwa iwe ya alasiri moja tu, wasafiri wapite waogope waende zao. Picha ya ramani niliiweka mtandaoni kwa simu yangu watu waione, ndivyo Gasper alivyotupata.

Basi nikamuuliza, "Gasper, mtu wako anatafuta nini hapa?" Nikasubiri kama ulivyosema. Clever alitaka kusema kitu, Marieta akamkanyaga mguu.

Gasper akasema, "Namtafuta anayegonga."

Nikasema sawa, rusha dadu. Hakurusha. Akaniuliza, "Hiki kikombe ulikitoa wapi?" Nikamwambia ni hadithi ya shangazi yangu. "Anakaaga wapi?" Butiama, ni mwalimu mstaafu. Akakunja karatasi yake, akaiweka mfukoni, akashukuru, akatoka. Huenda ni mchezaji mzuri sana, amenitisha kwa hadithi yangu mwenyewe.

Isaya


Butiama
27 Aprili 2025

Isaya,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Mvua zimeharibu barabara.

Mihogo imeoza kidogo. Ndama mzima.

Ulimtajia jina langu?

Usicheze tena hadithi ile. Ni hadithi ya watoto, niliitunga siku moja nikiwa nimechoka, haina maana yoyote. Futa mahali hapo kwenye ramani, weka mto au soko. Huyo kijana mwambie nafasi zimejaa. Msimulizi ana haki ya kumtoa mtu mezani, au sivyo? Nilikosea kukushauri umsubiri.

Niandikie ni mtoto wa nani. Mama yake ni nani na anatoka wapi. Kisha usimuulize kitu kingine.

Tereza


Mwisenge, Musoma
5 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Dereva ameniambia barua yangu alikukabidhi mkononi tarehe nne Machi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani bila kuaga. Sitauliza zaidi ya hapo. Huku wote wazima wa mwili.

Sikuweza kumtoa Gasper, kwa sababu hakuja tena kucheza. Alikuja jana kuzungumza. Clever na Marieta walikuwepo, na niliwaacha wasikie kwa kuwa niliogopa kubaki naye peke yangu. Simu zilikuwa kwenye beseni, daftari la sheria limefungwa, hakuna aliyegusa dadu.

Mama yake anaitwa Ghati, wanakaa Bunda. Baba yake alikuja kufanya kazi ya kuchimba dhahabu huko kwenu mwaka 2004, Gasper akiwa na miaka minne. Alichimba nyuma ya nyumba ya mwalimu, penye mawe mawili yaliyoegemeana. Siku moja ujumbe ukafika Bunda kwamba ameondoka kwenda Geita, kule dhahabu ni nyingi. Hakurudi. Mama yake alikwenda mpaka Geita mara mbili, kila anayemuuliza hamjui. Gasper alisema hivi, nanukuu: "Mama yangu huwa anasema angejua tu kama kile kikombe alikichukua. Cha bati, cha bluu. Mama ndiye alimnunulia siku walipooana. Mtu akihama anachukuaga kikombe chake."

Hataki dhahabu, hataki polisi. Anataka kuoa. Wajomba na baba zake wadogo wamemwambia hawezi kusimama mahali pa baba yake kutoa ng'ombe wakati baba hajulikani kama yu hai au amekufa. Hakuna aliyeweka matanga, yeye hajanyolewa, mama yake si mjane wala si mke. Anataka kujua azike nini na wapi. Miaka ishirini na moja, shangazi. Kisha akanitazama, akasema, "Kaka, mimi siko kwenye mchezo. Sikuwahi kuwa kwenye mchezo."

Kuna jingine. Niliporudi nyumbani nilimsimulia Baba mezani, nikitarajia aseme ni upuuzi. Aliacha kula. Akaniuliza ramani iko wapi. Nikamletea, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea kula. Asubuhi mfuko ulikuwa mtupu na jikoni kulikuwa na majivu ya karatasi.

Niambie kwamba ni mambo yanayofanana tu. Ukiniambia, nitaamini.

Isaya


Butiama
9 Mei 2025

Isaya,

Yanafanana tu.

Shija alikwenda Geita. Nilimwona kwa macho yangu akipanda gari, na begi lake na kikombe chake. Mwambie mama yake hivyo, na useme nampa pole.

Baba yako ni mtu mzima mwenye heshima zake, usimsumbue wakati wa kula. Funga mchezo. Tafuta mchumba, nenda kwaya, kuna mambo mengi ya kijana kufanya siku ya Jumapili.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Tereza


Mwisenge, Musoma
25 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika juu ya jambo hilihili, unisamehe.

Barua yako niliisoma mara moja nikafurahi. Mara ya pili nikasimama kwenye jina. Sikuwahi kukuandikia jina la baba yake Gasper. Nimetafuta nakala ya barua yangu niliyoitoa dukani, nimeisoma mstari kwa mstari. Jina Shija umeliandika wewe.

Sasa sikuulizi kama unajua. Nakuuliza yuko wapi, ili Gasper amzike. Clever na Marieta bado wanakuja kila Jumapili. Hatuchezi. Tunakaa na Gasper, tunakunywa soda, Marieta amemletea mama yake Gasper kitenge. Clever, yule mbishi, Jumapili iliyopita alilia mbele yetu. Wale niliowalalamikia kwako ndio walionifundisha kukaa na mtu.

Mimi nimemwogopa Baba maisha yangu yote na sikujua kwa nini, nilidhani ni heshima. Leo baada ya misa amekodi gari, amepakia mifuko ya simenti, kokoto na mafundi wawili, anasema kesho asubuhi anakuja kwako kukujengea msingi wa tanki la maji. Zawadi, anasema, dada yangu amezeeka, asihangaike tena na ndoo. Nikamuuliza tanki litakaa upande gani. Akasema, "Nyuma." Nikamuuliza nyuma wapi, mbele ya mawe au baada ya mawe. Akanishika bega, akalibonyeza mpaka likauma, akasema, "Wewe una maswali mengi kwa mtu anayelala nyumbani kwangu."

Mama aliangalia pembeni.

Barua hii nampa Amos wa bodaboda aje moja kwa moja, asipitie kwa dereva. Nimemwambia asiondoke kwako bila jibu, hata kama ni siku tatu.

Isaya


Butiama
28 Mei 2025, saa nne asubuhi

Isaya baba,

Salamu nimezipata, na Amos amekula, amelala, amesubiri. Ni kijana mvumilivu. Mara mbili amekaribia kuondoka bila jibu, mara mbili nimemwambia angoje kidogo.

Nimebeba kiti cha mezani, nimekiweka nyuma ya mawe, na hapo nimekaa tangu kulipopambazuka. Kalamu ninayo, daftari liko magotini. Mafundi wanachanganya zege hatua chache kutoka hapa. Juzi na jana walichimba msingi kuzunguka kipande hiki na kukipigilia mbao pembeni, imebaki kumwaga. Baba yako amesimama kando. Anadhani naandika mambo ya shule.

Soma haya vizuri, umsomee Gasper na mama yake, usiruke neno.

Ilikuwa Machi, 2004, mvua nyingi. Shimo lilikuwa la baba yako, halikuwa na kibali. Shija alikuwa chini. Magogo yaliyoshikilia kuta baba yako alikuwa ameyatoa wiki ile, ameyapeleka Musoma kupaulia nyumba. Ndiyo nyumba mnayolala. Jumanne asubuhi ukuta ulishuka. Baba yako akasema amekufa palepale, tukiita watu watakuta hakuna kibali wala magogo, atafungwa, na watoto wake watakula nini. Wewe ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, ndoa ilinishinda, nikikaa kwenye boma ambalo yeye ndiye mwenye kauli. Akaniambia nikifungua mdomo nitafute pa kwenda. Nikakubali. Sikulazimishwa kwa fimbo, Isaya. Nilikubali.

Hakuwa amekufa. Kuanzia adhuhuri aligonga. Kikombe nilikifahamu, kila siku nilimteremshia maji nacho kwa kamba. Aligonga Jumanne, Jumatano, na Alhamisi asubuhi. Alhamisi nilipita hapa na beseni la nguo. Nadhani alisikia hatua zangu. Akaita, "Mwalimu." Sauti haikuwa kubwa. "Mwalimu, ni mimi." Nilisimama. Ningeita watu wa mnadani, walikuwa wengi siku hiyo, wangemtoa kabla ya jua kuzama. Sikuitika. Nilikwenda kuanika nguo. Nilizianika zote, nikazipanga na vibanio, na nilipomaliza kulikuwa kimya.

Ninyi watoto niliwasimulia kwa sababu sikuwa na mtu mzima wa kumwambia. Nilisema nawatisha msiende huko, lakini nilikuwa naungama kwa watu wasioweza kunisikia. Na wewe ukasikia. Naona aibu ambayo siwezi kuiandika, nami nilifundisha watoto kuandika.

Nimemwambia baba yako sitoki hapa mpaka mtoto wa Shija afike na jembe. Amenibembeleza, amenitukana, ameniambia nafikiria kama mwanamke. Sasa amenyamaza, na nilivyomfahamu tangu utoto, akinyamaza ameshaamua.

Amos anaondoka sasa hivi. Chukua Gasper Bunda, chukua mama yake, chukua hao rafiki zako, njooni leo. Usipite nyumbani. Mkifika mpite moja kwa moja nyuma, msipige hodi mlangoni kwa sababu sipo ndani.

Mafundi wameacha kuchanganya. Mkubwa wao anamwambia baba yako kwamba hawawezi kumwaga zege mtu akiwa amekaa.

Baba yako anawaambia wanaweza.

Tereza